Chujio ndani ya mkoba: karatasi za majira ya kuchipua na mzazi wa shule ya kati Marekani

Ujumbe uliingia kwenye simu mwezi Machi, umetafsiriwa na mashine: "Kumbusho: mapumziko ya chemchemi yanaanza Ijumaa." Mama mmoja kutoka Uvira, Congo, tuliyekaa naye benchi moja kwenye ukumbi wa shule tukisubiri kuitwa, alinionyesha na kuuliza: "Dada, hii chemchemi iko wapi? Watoto wanapelekwa kwenye maji?" Nikamweleza kwamba Kiingereza kina neno moja kwa chemchemi ya maji na kwa majira haya yanayofuata baridi, miti inapochipua, na mashine imechagua maji. Watoto hawapelekwi popote. Wanakaa nyumbani wiki nzima, kwa hiyo apange nani atabaki nao.

Akashusha pumzi. Kisha akafungua mkoba wa mwanawe wa darasa la sita, akatoa karatasi kumi na moja. Zote zilikuwa zimetoka shuleni tangu Februari, na hakuwa ametupa hata moja, kwa sababu hakujua ipi ni ya kutupwa.

Tulikuwa na nusu saa. Tukazipanga mapajani. Moja ya picha za darasa, moja ya ziara ya makumbusho inayotaka sahihi, moja ya siku ambayo basi lingerudisha watoto mapema. Nyingine za chanjo, mtihani wa jimbo, vitabu vya maktaba, mkutano wa walimu na wazazi. Nyingi kati ya hizo ukizikosa, shule itakukumbusha tena na tena. Lakini chini kabisa palikuwa na fomu ya ukurasa mmoja yenye viboksi, imeandikwa juu Course Selection, yaani uchaguzi wa masomo ya mwaka ujao. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa imepita siku nne. Kuhusu hiyo hakuna aliyekuwa amempigia simu, nayo ilikuwa na uzito kuliko kumi nyingine zikiwekwa pamoja.

Naandika haya kwa mzazi mwenye mkoba kama ule.

Wazee waliosoma Kenya wakati wa ukoloni wanalijua vizuri neno "intermediate", yaani shule ya kati. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilipendekeza elimu ya Mwafrika ikatwe vipande vitatu vya miaka minne minne: msingi, kati, sekondari. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani wa kuingilia shule ya kati, na mwisho wa darasa la nane mwingine wa kutoka. Tanganyika nayo ilikuwa na shule zake za kati, darasa la tano hadi la nane. Kila lango lilikuwa na chujio, na kila mtu alilijua. Hata leo mtoto wa darasa la saba Tanzania akikaribia mtihani wa taifa, nyumba nzima inanyamaza ili asome. Congo wana mtihani wao wa mwisho wa shule ya msingi. Matokeo yakitoka, mtaa mzima unajua nani amepita.

Shule ya kati ya Marekani ni kitu kingine. Kwanza haina umbo moja. Pennsylvania na Texas utakuta shule za kati zenye darasa la tano na la sita tu. New York shule nyingi zinazoitwa hivyo huchukua la sita mpaka la nane. Pili, hakuna mtihani wa taifa wa kumfungia mtoto mlango mwishoni. Karibu kila mtoto atapanda darasa. Mzazi aliyetoka kwetu anaona hivyo anapumua: kumbe huku hakuna chujio. Mtoto anaenda shule, anarudi na B, mwalimu anatabasamu, mambo ni mazuri.

Chujio lipo. Halina siku maalumu wala halitangazwi redioni. Limo kwenye fomu, na linafanya kazi zaidi pale mzazi asipojibu, kwa sababu mzazi asipojibu shule humpangia mtoto yenyewe.

Ngazi ya hesabu

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo nimeona watoto wetu wengi wakipitwa.

Sekondari ya Marekani hupanda hesabu kwa ngazi. Mpangilio uliozoeleka ni huu: Aljebra ya kwanza, kisha jiometri, kisha Aljebra ya pili, kisha kitangulizi cha kalkulasi (Precalculus), kisha kalkulasi yenyewe (Calculus). Ni vidato vitano, kila kimoja mwaka mzima. Sekondari ina miaka minne, darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Hesabu mwenyewe: mtoto anayeanza Aljebra ya kwanza darasa la tisa atamaliza sekondari akiwa kwenye kitangulizi. Ili afike kalkulasi darasa la kumi na mbili bila kubebana na masomo mawili ya hesabu mwaka mmoja, Aljebra ya kwanza lazima aisome darasa la nane.

Sasa rudi nyuma. Ili awe tayari kwa Aljebra darasa la nane, awe amemaliza msingi wake darasa la saba. Ili amalize darasa la saba, shule nyingi humtaka aingie hesabu za juu mapema, darasa la sita au la saba, ambako mada za miaka mitatu hubanwa kwenye miwili. Na uamuzi wa nani anaingia hufanywa majira ya kuchipua ya mwaka unaotangulia. Yaani mtoto wako wa miaka kumi na moja, anayekuomba ruhusa ya kucheza mpira nje, ndiye ambaye mwezi huu kuna watu wanakaa mezani kuamua kama atakutana na kalkulasi akiwa na miaka kumi na saba. Mtoto anayetaka uhandisi au udaktari anaweza kuanzia kalkulasi chuoni, wengi wamefanya hivyo, lakini anaanza nyuma ya wenzake na ada inahesabika.

Mwanangu wa kwanza alipangiwa hesabu za kawaida darasa la saba. Fomu nilikuwa nimeitia sahihi bila kugeuza ukurasa. Upande wa nyuma palikuwa na sehemu ya mzazi kuomba mtoto apimwe kwa ajili ya hesabu za juu. Alipata A mwaka mzima, na mimi nikafurahia hizo A. Nilikuja kuelewa darasa la kumi, alipoomba somo la fizikia na kuambiwa hesabu zake hazijafika. Nililia kwenye gari. Hakuna aliyenidanganya, ila hakuna pia aliyeniambia kwamba A ya kidato cha chini haikupandishi kidato.

Shule hutazama nini? Kwa kawaida vitu vitatu: alama za darasani, matokeo ya vipimo vya kompyuta ambavyo watoto hufanya mara mbili au tatu kwa mwaka (MAP ni mojawapo ya majina utakayoyaona), na maoni ya mwalimu. Cha tatu ndicho chenye mwanya mkubwa. Mtoto mkimya, aliyefundishwa nyumbani kwamba adabu ni kutomtazama mkubwa machoni na kutodakia, darasani la Marekani anaweza kuonekana kama asiyejua. Mwalimu si mbaya. Hajasikia tu sauti yake. Mzazi akienda kwenye mkutano akasema "mwanangu nyumbani ndiye anayewapigia wadogo zake hesabu za sehemu", hilo ni jambo ambalo mwalimu hakuwa nalo.

Baadhi ya majimbo yameuona mwanya huo na kutunga sheria. North Carolina ilifanya hivyo mwaka 2018: mtoto aliyepata kiwango cha juu kabisa kwenye mtihani wa jimbo wa hesabu apewe nafasi ya hesabu za juu. Texas ikafuata 2023 kwa sheria inayotaka wanafunzi wa darasa la tano walio kwenye asilimia 40 ya juu katika hesabu waingizwe moja kwa moja kwenye hesabu za juu za darasa la sita, isipokuwa mzazi akatae. Hapo sahihi imegeuzwa: mzazi akinyamaza, mtoto anapanda. Ndugu zetu wengi walioko Houston na Fort Worth wanafaidika na sheria hii bila kuijua, na nimesikia wengine wakimwondoa mtoto kwa kuhofia kazi ya nyumbani itazidi. Kabla hujamwondoa, zungumza na mwalimu.

Sitaki nieleweke kwamba kila mtoto asukumwe juu. Mtoto aliyesoma miaka minne kambini Nyarugusu au Kakuma, darasa la watoto mia, anaweza kuwa na mashimo kwenye sehemu na desimali ambayo hayaonekani mpaka aljebra iyakanyage. Huyo akibanwa kwenye mada za miaka mitatu kwa miwili atavunjika moyo, na moyo wa hesabu ukivunjika katika umri huo ni kazi kuuunga. Kwake, mwaka mmoja wa kuziba mashimo una faida kuliko jina la darasa. Ninachokitaka ni mzazi aamue akijua anachoamua.

Swali la kuuliza ni fupi, na unaweza kumwonyesha kaunsela, mshauri wa wanafunzi shuleni, limeandikwa: akiendelea na mpangilio huu, mwanangu atasoma Aljebra ya kwanza darasa la ngapi? Jibu la swali hilo litakuambia zaidi ya ripoti kadi. Ukijibiwa la tisa na wewe unaona anaweza la nane, uliza kama kuna kipimo kingine au njia ya rufaa. Wilaya nyingi wanayo, ingawa haiandikwi kwa herufi kubwa.

Mtoto anayejifunza Kiingereza anahitaji neno la ziada hapa. Kutojua Kiingereza vizuri, peke yake, si sababu ya kumnyima mtoto masomo ya juu. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa asili ya taifa. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokea San Francisco, ikaamua kwamba kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha, bila msaada wowote, ni kumnyima elimu. Ukiambiwa "tusubiri Kiingereza kwanza", uliza kwa upole: hesabu zake zina kasoro gani?

Kwa nini bado yuko ESL wakati anaongea kama Mmarekani?

Swali hili nimeulizwa msibani, harusini na kwenye foleni ya duka. Mtoto ana miaka sita Marekani, anaota kwa Kiingereza, Kiswahili chake kimeanza kukatika, halafu majira ya kuchipua inakuja barua kwamba ataendelea na ESL, yaani masomo ya Kiingereza kwa watoto wenye lugha nyingine nyumbani. Mzazi anahisi mwanawe amedharauliwa.

Sababu iko kwenye mizani. Majimbo mengi hutumia mtihani uitwao ACCESS, wa muungano wa majimbo uitwao WIDA, ambao watoto huufanya kati ya Januari na Machi. Texas, California, New York na Arizona wana mitihani yao. ACCESS hupima mambo manne, kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, na hutoa alama kutoka 1.0 hadi 6.0. Lakini manne hayo hayana uzito sawa. Kusoma kuna asilimia 35, kuandika 35, kusikiliza 15, kuongea 15. Kiingereza unachokisikia sebuleni, kile kinachokushangaza kwa wepesi wake, ni asilimia 15 tu. Asilimia 70 imo kwenye kusoma na kuandika, na hasa Kiingereza cha vitabu: kueleza kwa maandishi kwa nini mmea ulikufa, kulinganisha wafalme wawili, kutetea hoja kwa aya tatu.

Kwa hiyo barua ikija usitazame alama ya jumla tu. Tazama zile nne. Kama kuongea ni 5 na kuandika ni 2.8, umeshajua kazi iko wapi. Watoto wanaokwama hapo kwa miaka ni wengi, na shule ya kati ndiyo mahali pa kuwakwamua, kwa sababu somo la ESL huchukua nafasi kwenye ratiba. Nafasi yenyewe mara nyingi inatoka kwenye masomo ya hiari: muziki, sanaa, lugha ya kigeni. Mtoto mwenye Kifaransa chake cha Bukavu au Lubumbashi anaweza kukosa darasa la Kifaransa, ambalo lingempa alama nzuri na heshima mbele ya wenzake, kwa sababu tu saa yake imeshachukuliwa.

Kuhusu lugha nyingine, hifadhi neno hili: majimbo mengi hutoa muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha sekondari, jambo lililoanzia California mwaka 2011. Mwanafunzi huonyesha umahiri wa Kiingereza na lugha nyingine. Muulize kaunsela kama wilaya yenu inapima Kiswahili. Ni sababu moja ya kutoacha Kiswahili kife mezani mwenu, pamoja na sababu zote nyingine tunazozijua.

Mtihani wa jimbo: usiuogope, usiupuuze

Sheria ya elimu ya serikali kuu ya mwaka 2015 inataka kila jimbo lipime kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Sayansi hupimwa kwa vipindi, si kila mwaka. Jina hutofautiana: Massachusetts ni MCAS, Pennsylvania PSSA, Indiana ILEARN. Mitihani mingi huja Aprili na Mei.

Kwa mtoto wa shule ya kati, mtihani huu kwa kawaida hauamui kama atapanda darasa. Kazi yake kubwa ni kupima shule. Hata hivyo matokeo hubaki kwenye faili, na faili ndilo linalofunguliwa siku ya kupanga hesabu za juu. Mtoto ambaye ana chini ya miezi kumi na miwili shuleni Marekani anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja. Hesabu atafanya. Uliza kama anaruhusiwa kamusi ya neno kwa neno au muda wa ziada, na uliza mapema, maana misaada hiyo hupangwa kabla.

Mengine unayajua: alale, anywe chai, laptopu iwe na chaji. Simu ibaki nyumbani au kwenye kabati lake. Mtoto akikutwa na simu chumba cha mtihani, karatasi yake inaweza kufutwa hata kama hakuigusa.

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja. Kwa wenzetu Waislamu maana yake mtoto aliyefunga anaweza kuwa anafanya ACCESS mchana ule ule. Kinotisi kifupi kwa mwalimu kinatosha: mtoto amefunga, aombewe kukaa maktaba wakati wa chakula badala ya ukumbini, apunguziwe kukimbia kwenye michezo. Sikukuu ya Idi ni siku ya mapumziko katika shule za jiji la New York tangu mwaka wa masomo wa 2015. Penginepo peleka barua kabla, ili siku hiyo iandikwe kuwa ya ruhusa.

Saa, siku na sindano

Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku huruka ikawa saa tisa. Sisi tuliotoka kwenye mstari wa ikweta, ambako jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, hatukuzaliwa na jambo hili. Jumatatu inayofuata mabasi huacha watoto wengi. Arizona karibu yote na Hawaii hawabadilishi saa, kwa hiyo walioko Phoenix wasihangaike, ila wakumbuke kwamba ndugu yao wa Ohio sasa yuko mbele yao kwa saa tatu badala ya mbili.

Na kuna saa yetu wenyewe. Barua inasema mkutano ni 3:30 PM. Kwetu hiyo ni saa tisa na nusu alasiri. Mkalimani wa simu aliyezoea kutafsiri tarakimu atasema "saa tatu na nusu", na mzazi aliyekulia Tanga atajua kabisa kwamba ni asubuhi au usiku. Nimeona baba akifika shuleni saa tatu na nusu asubuhi, ameomba ruhusa kazini, amevaa koti, akaambiwa arudi mchana. Hakuweza kurudi. Mwombe mkalimani aseme tarakimu zilivyoandikwa na kama ni asubuhi au mchana, kisha badilisha mwenyewe.

Siku za kukosa shule zinahesabiwa tofauti na tulivyozoea. Mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo huwekwa kwenye kundi la watoro sugu, na siku za ugonjwa zenye barua ya daktari zimo ndani ya hesabu hiyo. Mwaka wa siku 180, ni siku 18. Siku mbili tu kila mwezi. Kufikia Aprili familia nyingi ziko kwenye siku ya kumi na tatu au kumi na nne bila kujua. Kama unapanga safari ya nyumbani Mei kwa sababu tiketi ni nafuu, nenda ofisini kwanza. Wilaya nyingi humwondoa kwenye orodha mtoto aliyekosekana siku kadhaa mfululizo bila taarifa, na kumrudisha Agosti ni kuanza uandikishaji upya.

Chanjo: majimbo mengi hayampokei mtoto darasa la saba bila chanjo ya Tdap, ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, na mengi hudai pia ya homa ya uti wa mgongo. Kadi ya kliniki uliyokuja nayo ina sindano za utotoni za magonjwa hayo hayo, lakini hizo hazichukui nafasi ya hii ya kuongeza nguvu. Fanya miadi sasa, maana Agosti kliniki zinafurika. Asiye na bima au mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mtoto wake chini ya miaka 19 hupata chanjo zenyewe bure kupitia mpango wa serikali kuu wa Vaccines for Children. Mtoto anayetaka kucheza soka la shule darasa la saba, fomu yake ya uchunguzi wa michezo ijazwe siku hiyo hiyo.

Mkutano unaohitaji mkalimani

Kama mwanao ana IEP, yaani mpango wa mtoto mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza, mpango huo lazima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na shule nyingi hufanya hivyo majira ya kuchipua. Mtoto anayehama jengo, kutoka shule ya kati kwenda inayofuata, mkutano huu ndio unaopeleka mahitaji yake kule. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, yenye asili mwaka 1975, inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachosemwa, pamoja na kumletea mkalimani. Hulipii. Huombi hisani.

Usikubali mtoto mwenyewe akutafsirie. Nimekaa kwenye mikutano ambako dada mkubwa wa miaka kumi na tatu alikuwa akimtafsiria mama yake habari za kaka yake, na kila sentensi ngumu ilitoka fupi kuliko ilivyoingia. Alikuwa anamlinda mama. Hakuna mtoto anayepaswa kubebeshwa hilo. Kama mkalimani hakuja, sema mkutano upangiwe siku nyingine. Na mkalimani akija, mwambie unatoka wapi. Kiswahili cha Mombasa na cha Kalemie ni ndugu, lakini kuna maneno yanapishana, na wewe ndiye mwenye haki ya kusema "rudia, sijakipata".

Mwishoni utapewa karatasi ya sahihi. Uliza ni sahihi ya nini. Ya kuonyesha umehudhuria na ya kukubali mpango si lazima ziwe kitu kimoja, na unaweza kwenda nayo nyumbani usome.

Kabla shule hazijafungwa kuna karatasi moja ya chakula inayopotea kirahisi. Tangu 2024 kuna mpango wa serikali kuu wa kiangazi uliokuja na dola 120 kwa kila mtoto anayestahili, kwenye kadi ya kununulia chakula. Si majimbo yote yamejiunga nao. Wenye SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, kwa kawaida huingizwa wenyewe. Mtego uko kwa familia isiyo na SNAP ambayo mtoto wake anasoma shule inayolisha watoto wote bure: huko hakuna fomu ya chakula iliyojazwa, kwa hiyo huenda jina lake halimo na maombi yanatakiwa. Vilevile katika miji mingi kuna vituo vinavyotoa chakula cha mchana bure kiangazi kwa yeyote wa miaka 18 na chini, bila kujiandikisha.

Yule mama wa Uvira tuliingia naye kwa kaunsela wote wawili, mimi nikiwa mkalimani wake. Fomu ilikuwa imechelewa siku nne, na kaunsela akaipokea. Mama akauliza lile swali la Aljebra. Kaunsela alifungua kompyuta, akatazama, akasema darasa la tisa kwa mpangilio wa sasa, lakini alama za kipimo cha majira ya baridi zinamruhusu kupimwa tena Mei. Akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi ya njano, na mama akakibandika nyuma ya kasha la simu yake.

Ratiba ya mwaka ujao itatumwa Agosti, mara nyingi kwenye apu ya shule badala ya karatasi. Ifungue siku hiyo hiyo utafute jina la darasa la hesabu. Wiki ya kwanza ya masomo kubadilisha ni rahisi, na kaunsela anakuwepo kwa ajili hiyo. Ikifika Oktoba, darasa limejaa na wenzake wako sura ya tatu.